Ubao wa Mlangoni

…kwa hiyo umebaki huo mmoja, ubao wa mlangoni, ndio pekee uliobaki na ulimi wake, maana wenzake wote kuanzia miguuni pa kitanda hadi chini ya meza Torkel amekwisha kuwafunga vinywa kwa skrubu tangu asubuhi, na sasa amepiga magoti mbele ya mlango, mwanamume mzima wa miaka hamsini na ushei, kipara kile kile cha baba yake, bisibisi ya umeme mkononi, anauliza, "Na huu, mama? Huu ndio mkorofi kuliko wote, hebu sikia," anaukandamiza kwa kiganja, na ubao unalia, mlio mrefu mwembamba unaopanda mwishoni kama swali, naye Ingegerd amesimama jikoni, birika la kahawa mkononi, akisema ubane, basi umebanwa, na akisema usiubane ataulizwa kwa nini, na katika nyumba hii "kwa nini" ndilo neno analolikimbia tangu theluji ya kwanza ianguke, "Ngoja kwanza kahawa itue," anasema, "machicha bado yanaelea," na hilo si uongo, kahawa ya kuchemsha haimiminwi papo hapo, huachwa itulie mpaka machicha yazame, mama yake alimfundisha hivyo, na mama wa mama yake, hivyo amejipatia muda wa machicha kuzama, si mwingi, lakini ni wake… na pale dirishani, katika kiti cha bembea, Halvar mumewe anabembea taratibu, soksi nene za sufu miguuni, macho yake yako kwenye mikono ya mwanawe, "Huyo fundi nani?" anauliza, "Mimi hapa, baba, Torkel," "Torkel?" anasema Halvar, na uso wake unakunjamana kwa huruma kama anayemsikitikia mtu aliyedanganywa, "Torkel bado yuko tumboni, bwana, ndiyo maana tuna haraka," na Torkel anacheka, anacheka vile watu wanavyocheka hospitalini, "Basi nikizaliwa nitakusaidia, baba," "Utanisaidia nini, na bisibisi umeishika kama kijiko cha uji?" na hapo hata Ingegerd anatabasamu, hawezi kujizuia, kwa kuwa huo ndio ulimi wa Halvar kabisa, ulimi wa seremala aliyewahi kumfukuza mwanafunzi wake kwa kosa la kupuliza vumbi la randa badala ya kulipangusa, ulimi umebaki, mwenye ulimi ndiye anayeondoka, kipande kwa kipande, kama theluji inavyoporomoka paani, umesikia kishindo kimoja unadhani imekwisha, kumbe kingine kinajiandaa…

…baridi ya Februari huku haiji peke yake, huja na kiu, nje hewa imeganda hata haina tone la kumpa mtu, ukiiingiza ndani ukaipasha moto huzinduka na kiu kali, hunywa popote inapopata, hunywa midomo ikapasuka, hunywa mikono ikachanika kwenye viungo, hunywa chungu cha maji kilicho juu ya jiko, na chungu kikiisha hunywa sakafu, ubao ukinywa hunenepa, ubao ukinywewa hukonda, ndivyo Halvar alivyokuwa akisema alipokuwa Halvar, na mbao zikikonda hazishikani tena mabega, kila mmoja hujitenga na jirani yake, nyufa hufunguka, pana kiasi cha kumeza sindano ya kufumia, misumari hulegea mashimoni, na usiku wa baridi kali zaidi nyumba hualika kama bunduki, mgeni akashtuka, mwenyeji akageuka upande wa pili, na mwezi wa Juni mvua zikirudi mbao hurudiana, hushikana tena kana kwamba hakuna kilichotokea, "Usiuzibe ufa wa baridi," ndiyo iliyokuwa kanuni ya Halvar, wengine wana methali yao ya kuziba ufa ili wasijenge ukuta, lakini hao hawakuwahi kuishi juu ya mbao za mwaloni, mwaloni una mambo yake, ukiuziba Februari ulichokiweka ndani ya ufa kitatemwa Julai, na ukiubana kwa chuma wakati umekonda, siku ukinenepa utainuka katikati kama mgongo wa paka, yote hayo Ingegerd anayajua, na angeweza kumwambia Torkel tangu asubuhi, mwanangu, unaharibu sakafu ya baba yako, hilo tu lingetosha kumsimamisha, lakini hakusema, akamwachia ubao wa kwanza, akamwachia wa pili, akajiambia anaogopa kumvunja moyo, mtu ameendesha gari toka mji wa Gävle katika barabara ya barafu, na sanduku la skrubu na mashine mpya ya kutoa mvuke, zawadi, "Itainywesha nyumba yote, mama, unajaza maji tu," na sanduku la mashine hiyo liko pale pale karibu na jiko, halijafunguliwa, karibu na chungu…

…chungu cha shaba, urithi wa mama mkwe, kila majira ya baridi tangu awe bibi harusi Ingegerd hakuwahi kukiacha kikauke, alfajiri jambo la kwanza maji, kabla ya moto, kabla ya kahawa, watu humwagilia maua, yeye alimwagilia sakafu, na jana Torkel alipofika, hajavua hata koti, alichungulia ndani akasema, "Mama, chungu kimekauka," na yeye akajibu, "Nimesahau," na akaona, akaona wazi, jicho la mwanawe likimtua usoni kisha likaondoka haraka, jicho lililosema, na wewe pia, mama?, na akalipokea jicho hilo kama mtu anavyopokea kofi alilolinunua mwenyewe, heri aonekane amesahau, kwa kuwa ukweli ni kwamba hakusahau, amekikausha kwa makusudi, Januari nzima amekitazama kikiwa kitupu na mikono yake ikiwasha kutaka kukijaza, ameiacha kiu iinywe sakafu ya Halvar ubao mmoja baada ya mwingine, ameacha nguo zilizofuliwa zikigandia ghalani badala ya kuzianika ndani, apate kuisikia, sakafu iliyokauka hulia, sakafu iliyoshiba hunyamaza, na yeye anataka ilie, anataka kila unyayo uwe na sauti yake, ubao wa kitandani una sauti nzito ya kukoroma, wa mezani hugonga mara mbili, na huo wa mlangoni ukilia ameamka, ameshuka, amemshika mkono kabla komeo halijainuka, "Unakwenda wapi, Halvar?" na jibu ni lile lile, kwa upole, kama anayemweleza mtoto, "Kuleta mbao ndani, Inge, hazijalala ndani bado, zitatuaibisha…"

…hazijalala ndani bado, ndilo kosa pekee ambalo Halvar alipata kulifanya katika ufundi wake, na alilifanya nyumbani mwake, mwaloni hauoti huku juu, uliletwa kutoka kusini kwa gari moshi, na kila seremala anajua mbao za sakafu hulazwa kwanza ndani ya nyumba yenye moto majira mazima ya baridi, zizoee, zikonde zinavyotaka kukonda, ndipo zipigiliwe, lakini tumbo la Ingegerd lilikuwa limefika kifuani, Agosti ya mvua, sakafu ya zamani imeoza, na Halvar akasema mwanangu hatawekwa kwenye susu juu ya udongo, akazitoa ghalani zimeshiba mvua, akazipigilia zimebanana, nzuri, nzuri kupita kiasi, kama ziwa siku isiyo na upepo, majirani walikuja kuziona wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Januari ya kwanza nyufa zikafunguka, Halvar akasimama katikati ya chumba na mtoto mkononi akatazama chini, na tangu hapo kila baridi alitazama chini hivyo hivyo, mtu mwenye sakafu zilizonyooka katika nusu ya nyumba za wilaya hii, na sasa amesahau majina, amesahau vita vyake vyote na majirani, amesahau kwamba nduguye Sixten amekufa, lakini Agosti ile haikumsahau yeye, anaamka alfajiri na mapema kwenda ghalani kuleta mbao ambazo amelala juu yake, anataka kulirekebisha kosa lile, masikini, kabla mtoto hajafika, "Mama, kahawa hiyo inatua au imelala?" ni Torkel, anapangusa kipara kwa kiwiko, "Inatua," anasema, "Haraka ya nini, umekuja kupumzika," "Kupumzika! Jana usiku nimelala kule juu kama niko ndani ya meli mbovu, kwii, kwaa, nikasema mama analalaje humu?" na Halvar kutoka dirishani, "Unabana mwaloni Februari? Nani alikufundisha kazi, mwokaji mikate?" "Ndiyo, baba, mwokaji," "Inaonekana…"

…na usiku ule wa Desemba sakafu haikulia, Ingegerd halifikirii hilo, analipita kwa mbali kama watu wanavyoipita sehemu ya ziwa yenye barafu nyembamba, lakini machicha yanazama polepole leo na mawazo yanakwenda yanakotaka, alikuwa amefua shuka za Krismasi, amezianika chumbani kamba tatu, chungu kimejaa mpaka ukingoni, dirisha limelia machozi, na mbao zikanywa, zikanywa, zikanyamaza, akalala usingizi mtamu kuliko wote wa mwaka ule, akaamshwa na baridi usoni, mlango wazi, akamkuta ghalani amesimama mbele ya lundo la kuni akizipangusa theluji, moja moja, akizichagua, hana viatu, soksi zimegandamana na barafu ya kizingiti cha ghala hata akambandua kama mtu anavyobandua maandazi yaliyoshika kikaangoni, na Halvar hakulia, hakulalamika, alisema tu, "Hizi ni fupi, Inge, nani ameleta hizi fupi?" na vidole viwili vya mguu wa kushoto vikawa vyeupe, kisha vyekundu, kisha vya rangi ambayo hataki kuitaja, akavifunga, akavipaka marhamu ya duka, akavivalisha sufu, muuguzi wa manispaa akija huangalia sanduku la vidonge, hupima shinikizo la damu, husema Halvar anapendeza, huondoka, na sufu inasitiri mengi, ila harufu, jana mezani Torkel alinusa hewa akasema, "Kuna kitu kinaoza, mama?" akajibu, "Kabichi," na akamega mkate, akaendelea kula, alikula mkate mzima, hilo ndilo linalomtisha, kwamba aliweza kuendelea kula…

…na angesema nini, aseme baba yako anatoka nje kabla ya mapambazuko, na Torkel angefanya nini, angefanya linalofanywa, simu moja tu, manispaa ina mahali, mjini, pazuri, wana samaki ndani ya tangi la kioo na siku za Alhamisi supu ya njegere na chapati nyembamba za maziwa, Ingegerd amepaona, walikwenda pamoja kumtazama Sixten, na Halvar, akili zake zote kichwani siku ile, hakumtazama nduguye, alitazama chini, akapiga sakafu kwa kisigino, haikujibu, zulia la mpira lililogundishwa kwenye zege, rangi ya maziwa yaliyochacha, halikondi, halinenepi, halijui Februari wala Julai, na garini akasema, macho barabarani, "Inge, mimi usiniweke pale, mtu akitembea pale hasikiki, utajuaje kama yu hai?" na Ingegerd akasema sitakuweka, na akampa mkono juu ya hilo, ndani ya glavu, wakacheka, maana mkono ndani ya glavu ni mkono nusu, lakini alikuwa ameahidi mzima, na ahadi hiyo ndiyo aliyoilinda kwa chungu kikavu na kabichi ya uongo na sufu, ahadi ni ahadi, ameiharibu sakafu kuilinda ahadi, ameuharibu mguu kuilinda ahadi, kitabaki nini cha kuishika…

"Haya, mimi naubana," anasema Torkel, na bisibisi inakohoa mara moja, inanyamaza, anatafuta skrubu mfukoni, "huu ukinyamaza, umekwisha, angalau sasa utalala, mama," na hapo, hapo hapo, kabla ya hofu, kabla ya jina la Halvar, moyo wa Ingegerd unaruka, unaruka kwa furaha, kama wa msichana aliyeambiwa leo hakuna shule, utalala, na anaiona asubuhi, nyeupe, tulivu, ameamka mwenyewe, mwanga tayari kwenye mapazia, mwili wote umepumzika, upande wa pili wa kitanda umetandikwa vizuri na ni baridi, na anajiona akitembea juu ya mbao zisizosema neno, akiweka birika jikoni, akisubiri machicha yazame, akitoa kikombe, kikombe kimoja… na anaganda hapo alipo na birika mkononi, kwa sababu kikombe hicho si kigeni, amekiona kabla ya leo, anakijua kilivyopasuka mdomoni, amekwisha kukitoa kabatini mara nyingi katika fikira hiyo, na jana usiku… hapana… jana usiku ubao wa mlangoni ulilia, sakafu ilifanya kazi yake, kavu, hodari, ililia vizuri, na yeye aliusikia, alikuwa macho, aliusikia akabaki kalala chali, akaitazama dari, akasikiliza komeo likianza kuinuka kwa sauti yake ndogo ya chuma, akawaza, kwa utulivu, kama anayewaza habari za hali ya hewa, leo ni baridi sana, haitachukua muda mrefu, na hakuamka, hakuamka mpaka Torkel alipokohoa kule juu, kikohozi cha mtu usingizini, ndipo akashuka kitandani, akashika mkono wa mumewe, "Unakwenda wapi, Halvar?" na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, tamu, sauti ya mke mwema, na asingekohoa?, asingekuja Ijumaa?, ubao ungelia mpaka ukapasuka na mlango ungefunguka ukafungwa, na yeye angekuwa amelala chali akitazama dari… alidhani analinda mlango kwa sikio la sakafu, sakafu haijapata kumlinda mtu, sakafu husema tu, wa kusikia ni mwingine, na huyo mwingine amechoka mpaka ameanza kumtamania mumewe baridi…

…machicha yamezama, ukitazama ndani ya birika uso wa kahawa ni mweusi, safi, umetulia, na hakuna kilichobadilika, jua la saa nne limeegemea theluji ya kizingiti cha dirisha, Halvar anabembea, soksi zake zinagusa ubao, zinauacha, zinaugusa, anangoja kahawa yake ya kunywea kwenye kisahani na donge la sukari la kubana katikati ya meno, Torkel amepata skrubu, ameisimamisha juu ya ubao kwa vidole viwili, vidole vya Halvar vile, vipana kwenye kucha, mtoto aliyesubiriwa na sakafu hii, ameinua uso, "Mama? Unaniambia nini, nibane au nisibane?" na Ingegerd anamimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, anavihesabu kwa macho vyote vitatu, na glavu ile ya ndani ya gari inampita moyoni, na zulia la rangi ya maziwa yaliyochacha ambalo juu yake mtu hasikiki, nisamehe, Halvar, huko kuna watu wanaolala kwa zamu, mimi sina zamu, anaweka birika juu ya jiko kando ya chungu kikavu, anajifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole, na sauti inayomtoka si ile tamu.

"Acha huo ubao, mwanangu. Njoo hapa, umvue baba yako soksi."